Kabla ya Kufuta, Uliza Ilipokwama

Kuna kauli mbili ambazo mwalimu yeyote aliyekaa darasani muda mrefu huzisikia mpaka zikamchosha masikio. Ya kwanza ni "mtoto huyu hana akili". Ya pili ni "bora arudie darasa". Kauli hizi husemwa kama hukumu, lakini ukizitazama vizuri utaona kuwa ni njia ya kukwepa kazi. Anayezitamka hajasema mtoto amekwama wapi. Amesema tu kwamba hana nafasi ya kutafuta.

Nimesomesha hisabati katika skuli za shamba kusini mwa Unguja, kisha nikawa mkuu wa chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu mwaka 2011. Sasa nimepindukia miaka sabini na naishi Mji Mkongwe, ndani ya nyumba ya wazee wangu. Kompyuta nilizikuta ukubwani, kwa hivyo msomaji asinitarajie kuwa fundi. Lakini mashine hizo zilinipa mfano wa jambo nililokuwa nikiwaeleza walimu wanafunzi kwa miaka mingi, nao wakinitikia kwa heshima tu bila ya kushawishika. Mfano huo ndio nitakaousimulia hapa.

Chuo chetu kilipata kompyuta kumi na sita kuukuu, msaada wa watu wema wa ng'ambo. Masanduku yalikuwa mazima, lakini diski zilikuwa zimefutwa, na leseni ya mfumo wa Windows kwa mashine zote hizo ilikuwa haiwezekani kwa fungu letu. Mkufunzi mmoja kijana, naye wa hisabati, akaleta habari ya Linux. Mfumo huo umejengwa juu ya kazi ya Linus Torvalds, ambaye mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Helsinki mwenye miaka 21, aliandika kerneli na kuiachia dunia nzima. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo: ndiyo inayozungumza na diski, kibodi na skrini kwa niaba ya programu nyengine zote. Siku hizo sidii za Ubuntu zilikuwa zikitumwa bure kwa posta kwa yeyote aliyeziomba, huduma iliyoendelea mpaka 2011. Mwaka 2008 tukaziweka mashine zote kumi na sita Ubuntu 8.04. Kwa kuandikia tulikuwa na Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 2004 kwa kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden. Walimu wetu wanafunzi wakaanza kuandika maazimio ya masomo kwa lugha yao.

Wakati huo umeme wa Unguja ulikuwa ukitegemea waya mmoja unaopita chini ya bahari kutoka Bara. Mei 2008 tulikuwa tayari tumeshaonja giza la karibu mwezi mzima. Disemba 2009 likaja kubwa zaidi, la miezi mitatu, mpaka Machi 2010. Waliokuwapo wanakumbuka bei ya mafuta ya taa, foleni za maji, na ngurumo za jenereta katika vichochoro ambavyo havikuumbwa kwa kelele. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja kuzinduliwa 2013. Chuoni tulikuwa na jenereta ndogo iliyowashwa kwa saa chache, na mkufunzi wetu aliitumia kuzitengeneza mashine mbili tatu kwa zamu, akingoja umeme urudi.

Umeme uliporudi tukaziwasha zote. Saba ziliamka. Tisa hazikuamka.

Akaja fundi kutoka duka moja la mjini. Akazitazama kwa muda wa kunywa kikombe cha kahawa, akasema zimekufa, umeme wa jenereta umeziua, zitupwe na zinunuliwe mpya; nazo mpya, kwa bahati njema, anazo yeye. Ofisini wakaanza kuzungumza juu ya kuziondoa katika daftari la mali na kukigeuza chumba kile stoo ya viti. Mkufunzi wangu hakukubali kuwa zimekufa, lakini dawa yake nayo ilikuwa moja tu.

"Maalim, tufute, tuanze upya. Sidii ninayo. Nusu saa kila mashine."

Kufuta kungekuwa kwepesi kama isingekuwa mashine ya nne. Ndani yake mlikuwa na alama za mazoezi ya kufundisha za wanachuo wa mwaka ule, zilizoandikwa na wakufunzi waliozunguka skuli za Makunduchi, Chwaka na Mkokotoni kabla ya giza. Nakala za karatasi zilikuwa nusu tu. Alama hizo zikipotea, vijana arubaini na mmoja ingewabidi warudi skulini muhula mzima kufanya upya kazi waliyokwisha kuifanya, na kwa wengine, waliokuwa na watoto na wazee wa kuwalisha, muhula mmoja ulikuwa ni umbali wa kutosha kuacha ualimu kabisa.

"Tutafuta ikibidi," nikamwambia. "Lakini kwanza nieleze imekwama wapi."

"Imekwama tu, Maalim."

"'Tu' si jibu, mwanangu."

Hapo nikamsimulia habari ya mtoto mmoja wa darasa la sita, zamani, katika skuli moja ya shamba. Hesabu zake za kugawa zilikuwa nyekundu tupu, na mwalimu wake alikwisha kuandika kwamba arudishwe darasa la tatu. Nikaomba daftari lake. Kila palipoulizwa mfano wa 612 kugawa kwa 6, yeye aliandika 12. Sita kwa sita akapata moja, ni sawa. Moja kwa sita haigawiki, akaliruka, akachukua kumi na mbili kwa sita, akapata mbili, ni sawa. Alichokikosa ni sifuri moja tu ya kati, kwani jawabu ni 102. Hakuna aliyepata kumwambia kwamba pale ambapo hapagawiki pana nafasi inayotaka kuandikwa. Mtoto yule alikuwa na ugonjwa wa mchana mmoja, na alikuwa akiandikiwa dawa ya miaka mitatu.

Mkufunzi akacheka, akavuta kiti. "Haya Maalim, tuzitazame."

Sasa nieleze jinsi kompyuta inavyoamka, kwani hapo ndipo penye siri yote. Watu hudhani ukibonyeza kitufe mfumo wote huja kwa pamoja, kama taa. Sivyo. Huja kama mgeni anavyoifikia nyumba ya Mji Mkongwe. Mgeni anashuka bandarini Malindi, anaitafuta nyumba ya fulani kule Mkunazini. Wa bandarini haijui nyumba. Anachojua ni kumwambia apite njia hii mpaka Kiponda, hapo ataona baraza, aulize. Wa baraza ya Kiponda naye haijui nyumba, lakini anaijua njia ya Mkunazini. Akifika Mkunazini, watoto wanamshika mkono mpaka mlangoni. Hakuna hata mmoja aliyeijua safari nzima, na mgeni amefika. Kila mmoja alijua hatua moja tu iliyo mbele yake.

Kompyuta zetu zile zilikuwa hivyo hivyo. Wa kwanza kuamka ni BIOS, programu ndogo iliyomo ndani ya ubao wa mashine. Haijui Linux wala Windows. Inajua tu zamu ya diski za kuuliza. Huisoma sekta ya kwanza ya diski, yenye baiti 512: baiti 446 za maelekezo, 64 za jadweli la sehemu za diski, na mbili za alama ya kuthibitisha. Jumlisha, utaona zinatimia. Katika baiti hizo 446 haiwezekani kuandika mengi, kwa hivyo kazi yake ni kuelekeza tu ilipo programu kubwa zaidi. Hiyo ndiyo butiloda, na kwetu ilikuwa GRUB. GRUB huonyesha orodha, huichukua kerneli iliyochaguliwa na kuipakia. Kerneli nayo huitafuta sehemu ya diski iliyo mzizi wa mfumo, huifungua, na kuiita programu ya kwanza. Programu hiyo huwaamsha waliobaki.

Mgeni asipofika mpaka alasiri, mwenyeji hauvunji mtaa akajenga mwengine. Hupita barazani akiuliza: amepita hapa? Baraza ya mwisho iliyomwona, na ya kwanza ambayo haikumwona, kati ya hizo mbili ndipo alipopotea. Tukakubaliana na mkufunzi kuwa hatugusi mashine yoyote mpaka tuandike kwenye karatasi, kwa kila moja, jambo la mwisho lililoonekana sawa.

Karatasi ile peke yake ilitufunulia mengi. Mashine tano hazikufika hata kwenye GRUB. Baadhi zilisimama zikingoja mtu abonyeze kitufe cha F1, nyengine zilikuwa zikitafuta mfumo kwenye waya wa mtandao usiokuwapo. Lakini zote tano zilikuwa na jambo moja: tarehe ya skrini ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Ndani ya kila sanduku mna betri ya mviringo kama sarafu, ya volti 3, inayoihifadhia BIOS saa na mipango yake umeme unapokuwa haupo. Mashine ikiwa imechomekwa, betri hiyo haitumiki sana. Kwa miezi mitatu ya giza betri zile kuukuu zilibeba mzigo peke yao, zikaisha. BIOS ikasahau zamu ya diski. Wa bandarini alisahau njia ya Kiponda, basi, na watu wakahukumu kuwa nyumba imebomoka. Tulinunua betri tano Darajani, tukazipanga zamu za diski upya, na kabla ya adhuhuri mashine tano zilikuwa hai bila ya kufutwa hata herufi moja.

Mashine mbili nyengine zilikuwa na kesi moja baina yao. Wakati wa giza, sanduku moja lilikuwa halina kiendeshi cha sidii kinachofanya kazi. Mkufunzi akaitoa diski yake, akaichomeka kama diski ya pili ndani ya sanduku jengine, akaiwekea mfumo upya, kisha akairudisha kwake. Mpango wa usakinishaji, usipoambiwa vyengine, huiandika GRUB mwanzoni mwa diski ya kwanza, hata kama mfumo wenyewe unawekwa kwenye ya pili. Kwa hivyo diski iliyorudi kwao ilikuwa na mfumo mzima lakini haina wa kuelekeza. Na ile iliyobaki ilikuwa na wa kuelekeza anayenyooshea kidole diski iliyokwisha kuondoka. Mashine ya mwanzo ilionyesha alama inayopepesa tu. Ya pili iliandika kosa nambari 21, maana yake kwa GRUB ile ni kwamba diski iliyotajwa haipo. Angalia, msomaji, ilivyokuwa ikisema kweli tupu. Fundi aliisoma nambari ile kama kilio cha mauti, na kumbe ilikuwa ni anwani.

Diski isiyokuwa na kiendeshi tuliiazima kwa muda sanduku lenye kiendeshi, safari hii ikiwa peke yake ndani. Kila diski tukaiamsha kwa sidii, tukaifungua GRUB, tukaiamuru root (hd0,0) kisha setup (hd0), yaani mfumo uko hapa, na wewe jiandike mwanzo wa diski hii hii. Mashine ya pili ikaamka. Ya kwanza ikaonyesha orodha, lakini tulipochagua, kosa 21 likarudi. Mkufunzi akavunjika moyo. Mimi nikafurahi, kwa sababu kosa lilikuwa limesogea mbele, na kosa likisogea mbele mwanafunzi amejifunza kitu. Orodha ilikuwa bado inasema hd1, jina la diski ilipokuwa mgeni katika sanduku la watu.

Mambo hayo ya kuhesabu yanafaa kuelezwa, kwani yamewapoteza wengi. GRUB ile ya zamani ilianza kuhesabu kwa sifuri: diski ya kwanza ni hd0, na sehemu yake ya kwanza ni sifuri pia. Linux huiita sehemu hiyo hiyo sda1. GRUB mpya iliyokuja baadaye inahesabu diski kuanzia sifuri na sehemu kuanzia moja. Sisi watu wa mwambao tusistaajabu. Mzungu ukimwambia aje saa mbili asubuhi, naye hajui kwamba saa zetu zinaanza jua linapochomoza, hatakuja saa yako, na hakuna kati yenu aliyedanganya. Tulibadilisha hd1 kuwa hd0, mashine ikaamka.

Ikabaki mashine ya nne, yenye alama, na nyengine moja.

Ya nne ilifika mbali kuliko zote. BIOS sawa, GRUB sawa, kerneli ikaanza kuandika mistari yake kwa kasi, kisha ikasimama ikitangaza kuwa imeingiwa na hofu kwa sababu haikuweza kuufungua mzizi wa mfumo. Maneno hayo yanatisha. Lakini tukarudi kwenye karatasi: nani wa mwisho aliyeonekana sawa? Kerneli. Nini kilitakiwa kifuate? Kufungua diski. Ilihitaji nini ili ifungue? Hapo pana kitendawili. Kerneli huhitaji programu maalumu ya kuisoma diski, na programu hiyo imehifadhiwa ndani ya diski ile ile. Ni kama ufunguo wa kasha uliofungiwa ndani ya kasha. Waliounda Linux walilitatua hilo kwa kuipa kerneli kibegi cha safari kiitwacho initrd, ambacho GRUB hukipakia pamoja nayo, na ndani yake mna funguo za kuanzia.

Mkufunzi akanyamaza kidogo, kisha akakumbuka. Siku moja ya Januari alikuwa akiiwekea mashine ile kerneli mpya aliyoileta kwa flashi, na mafuta ya jenereta yakamalizika katikati. Kerneli ilikwisha kuandikwa, kibegi hakijakamilika.

"Basi ya zamani ipo, Maalim," akasema, na sauti yake ilibadilika. "Kerneli ya zamani haifutwi."

Ndivyo ilivyo; mpya ikiingia, ya zamani hubaki katika orodha. Tukabonyeza Esc wakati wake, orodha ikatokea, tukateremka mpaka kwenye kerneli ya zamani yenye kibegi chake kizima. Mashine ikakaa kitambo ikizikagua faili zake, kisha ikafunguka. Jadweli za alama zilikuwemo, zote. Tulizinakili kwenye flashi mbili na kuzichapa kabla hata ya kusema alhamdulillahi, kisha tukakitengeneza kibegi upya kwa amri ya update-initramfs. Kazi nzima haikufika saa moja. Kufuta kungechukua nusu saa, na vijana arubaini na mmoja wangelipa kwa muhula.

Ya tisa ilikuwa maiti kweli. Diski yake iligonga kama mtu anayepiga mlango wa nyumba iliyohamwa, na BIOS haikuiona kabisa. Hiyo nayo ni faida ya kuuliza kwa utaratibu: ukisema kitu kimekufa, uwe unajua. Tukakitoa kiendeshi chake cha sidii tukampa jirani.

Siku hizi vijana huniletea leptopu nyumbani. Mambo yamebadilika. Mashine mpya zina UEFI mahali pa BIOS ya zamani, na butiloda hukaa kama faili ndani ya sehemu maalumu ya diski badala ya kubanwa katika baiti 512. GRUB mpya haitoi nambari za makosa. Ikishindwa huandika "grub rescue>" na kusubiri uiambie njia. Mmoja aliniletea leptopu ya zamani iliyokuwa ikiikataa Linux kila akiiweka. Ukiusoma ujumbe wa skrini, ulikuwa ukisema wazi kwamba kerneli ile ni ya prosesa ya biti 64 na prosesa iliyopo ni ya biti 32. Alikuwa amejaribu mara nne bila ya kuusoma. Aliponunua prosesa na mfumo vinavyoelewana, mambo yakawa mepesi.

Wakongwe wa Linux wanaikumbuka butiloda ya kabla ya GRUB, iitwayo LILO. Hiyo ilikuwa ikiandika jina lake herufi baada ya herufi, kila herufi kwa hatua iliyokamilika. Ikiandika L peke yake na kusimama, unajua ilipokwama. Ikifika LI, pengine. Ikitimia LILO, imemaliza kazi yake. Nilipoisikia habari hiyo nilitamani kila mwanafunzi wa hisabati afundishwe kufanya vile: aandike njia, siyo jawabu peke yake, ili atakayemsahihisha aone herufi ya mwisho.

Kwenu walimu vijana, ninachokiacha ni maswali matatu tu. Jambo gani la mwisho lilikuwa sawa? Nini kilitakiwa kifuate? Na ili kifuate, kilihitaji nini ambacho hakipo? Yaulizeni mbele ya mashine, na yaulizeni zaidi mbele ya mtoto. Mashine ikifutwa bila ya sababu hupotea faili. Mtoto akirudishwa darasa bila ya sababu hupotea miaka, naye hana kerneli ya zamani ya kurudia.